Shajara ya mradi: makabati ya zamani ya jikoni, rangi isiyomuumiza mtoto

14 Juni – hali ilivyo, na kwanini sinunui mapya

Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye makabati ya zamani na mtoto mdogo ndani, maana nilivyotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu rangi salama za jikoni niliambulia matangazo ya biashara tu. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha na bei naweka zote.

Jiko liko Tabata, nyumba tulinunua kwa mtu na makabati tukayakuta. Ya juu milango ni mninga mtupu, ila kuna mtu aliipiga rangi ya mafuta ya krimu ambayo sa hivi imegeuka njano na inabanduka pembeni ya vishikio. Ya chini ni MDF, ule ubao wa kushindiliwa kiwandani, yaliongezwa baadae. Jumla milango 14 na droo 5. Fundi wa Keko alinipa bei ya makabati mapya ya MDF, 1,900,000 bila kaunta. Sasa mninga mzima kabisa, bawaba zinafanya kazi, niung'oe niupeleke wapi? Mninga mti wenyewe unachukua miaka mingi mno kukua, kuutupa ili niweke ubao wa unga wa mbao na gundi hapana, hiyo kwangu siyo kutunza mazingira hata kopo la rangi liandikwe nini.

Fundi rangi wa hapa mtaani akaja kuangalia. "Dada, hii tunaipiga rangi ya mafuta mikono miwili, laki na themanini kila kitu, kesho kutwa umemaliza." Kazi yake naijua ni safi. Ila rangi ya mafuta inaenda na thina, harufu inakaa ndani siku na siku, na humu tuna mtoto wa mwaka na nusu anaeweka kila kitu mdomoni pamoja na mama mkwe mwenye pumu. Nikamwambia fundi nataka rangi ya maji ya mbao. Akasema itabanduka. Tukakubaliana nitafute rangi mwenyewe, yeye atapaka nilichonunua kwa maelekezo ya kopo.

Ninachotafuta ni vitu vitatu: isiwe na madini ya risasi, thina iwe kidogo kadri inavyowezekana, na idumu. Hilo la tatu ndo watu hawalihesabu. Rangi inayobanduka baada ya miezi sita inakulazimisha kukwangua na kununua kopo jingine, hapo hujaokoa chochote.

Vipimo: milango pande zote mbili, uso wa droo na fremu ni karibu mita za mraba 9 na nusu. Rangi nyingi lita moja inapaka kama mita 10 kwa mkono mmoja. Kwahiyo lita 2 za rangi kwa mikono miwili, naongeza kidogo kwa tahadhari.

19 Juni – Kariakoo, kusoma makopo

Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Karibu kila duka nikiuliza rangi isiyo na sumu naletewa kopo lenye picha ya jani na naambiwa "hii haina harufu". Harufu siyo kipimo jamani. Kuna rangi harufu imefunikwa tu na kemikali bado zipo, na kuna nyingine inanuka kidogo ikiwa mbichi lakini VOC yake ni ndogo. VOC ni zile kemikali zinazoruka hewani rangi ikikauka, ndo zinazouma macho na kumbana mwenye pumu. Kinachosaidia ni namba. Geuza kopo utafute imeandikwa gramu ngapi kwa lita. Wazungu wa Umoja wa Ulaya tangu 2010 kikomo chao kwa rangi za mbao na chuma ni gramu 130 kwa lita kwa rangi ya maji na 300 kwa rangi ya mafuta, na makopo yanayotengenezwa kufuata hilo yanaandika kabisa. Ukiona 130 na 300 unaelewa mwenyewe tofauti ya kilichopo humo. Kama kopo halina namba, muombe muuzaji karatasi ya maelezo ya kiufundi. Duka moja walinitumia kwenye simu palepale, mengine waliniangalia tu.

Kitu kingine cha kuuliza ni kuhusu kuchanganya kwa mashine. Kopo jeupe la msingi linaweza kuandikwa VOC sifuri, halafu ile wino wanayoongeza kupata rangi unayotaka ina VOC yake. Rangi iliyoiva sana inakula wino mwingi. Nilikuwa nataka njano ya haradali, nikabadili nikachukua kijani mpauko kama jani la mgomba mkavu, wino wake ni kidogo.

Njano niliiacha kwa sababu ya risasi pia. Risasi kwenye rangi ilikuwa inakuja kwa njia mbili, rangi zenyewe za njano, chungwa na nyekundu kali zinazotengenezwa na kromati ya risasi, na vikaushio vya rangi ya mafuta. Shirika la AGENDA la hapa Tanzania wakishirikiana na IPEN, mtandao wa kimataifa wa kupinga kemikali za sumu, wamekuwa wakinunua makopo madukani na kuyapeleka maabara, na rangi za mafuta za njano ndo zimekuwa zikiongoza kwa ubaya. Kikomo kinachopendekezwa na UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) na WHO (la afya) ni sehemu 90 za risasi kwa milioni ya rangi. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akimeza anafyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Siyo kwamba kila njano ni mbaya, siku hizi zipo zilizotengenezwa bila risasi kabisa, ila nataka kuona imeandikwa kwenye kopo, na alama ya TBS iwepo.

Nilifikiria na rangi za asili. Chokaa haifai, ikishikwa na mkono wenye mafuta imekwisha. Rangi ya mafuta ya kitani ni nzuri kwa mbao lakini inachukua siku nyingi kukauka na ndani ya kabati pasipo mwanga inageuka njano, na matambara yake yakikunjwa yakiachwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Jikoni kwangu hapana.

Nimechukua rangi ya maji ya akriliki ya mbao, nusu ng'aa, gramu chini ya 50 kwa lita, makopo 3 ya lita moja kwa 28,000 kila moja. Praima yake ya maji, yaani rangi ya kutangulia inayoshikisha ile ya juu, lita moja 18,000.

22 Juni – rangi ya zamani kwanza, kabla ya msasa

Hapa naomba usipite haraka. Watu wanaumiza kichwa na rangi mpya halafu wanakwangua ya zamani kavu kavu, vumbi linaenda kwenye masufuria na mtoto anatambaa humohumo.

Kujua ya zamani ni ya aina gani ni rahisi, chukua pamba yenye spiriti usugue sehemu iliyojificha. Ikilainika na kutoka kwenye pamba ni ya maji, isipotoka ni ya mafuta. Yangu haikutoka hata kidogo. Rangi ya mafuta, ya zamani, hakuna anaejua ilinunuliwa wapi, mimi naihesabu ina risasi mpaka ithibitike vingine. Kwahiyo hakuna kuchoma kwa moto na hakuna msasa mkavu.

Mtoto na bibi yake wameenda Kimara kwa shangazi mpaka kazi ya msasa iishe. Milango tumeifungua yote, kila mmoja tukaupa namba kwa penseli ndani ya tundu la bawaba na skrubu zake kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo. Kazi ikafanyika uani juu ya karatasi ya nailoni, msasa wa maji namba 180 halafu 240, unalowesha na kusugua, tope linafutwa na kitambaa. Barakoa ni N95, zile zinazochuja vumbi laini, siyo zile za kitambaa. Lengo siyo kufika kwenye mbao, ni kuondoa mng'ao tu na kulainisha kingo zilizobanduka, ukiona uso umefifia wote sawasawa inatosha. Tope na vitambaa vikaingia mifuko miwili, kimoja ndani ya kingine. Hakuna kufagia, unafuta na kitambaa kibichi.

Fundi mwanzo aliona ni mambo mengi, nilivyomueleza habari ya risasi akanyamaza kidogo akaniuliza "sasa sisi tunaokwangua kila siku?" Nikamuachia barakoa zilizobaki na zile karatasi za maelezo.

Gharama: msasa 12,000, barakoa na glavu 13,000, nailoni 8,000.

28 Juni – mafuta ya kupikia, na mlango wa majaribio

Kabla ya kupaka yote tulipaka mlango mmoja wa juu ya jiko la gesi kwa majaribio, na ndo uliotuokoa. Ulikuwa umeshaoshwa kwa sabuni ya vyombo na umepigwa msasa, kwa macho ni msafi. Praima ikapakwa, ndani ya dakika chache ikaanza kujikusanya na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Hayo ni mafuta. Miaka ya kukaanga hapo chini, yameingia kwenye nyufa za rangi ya zamani na msasa umeyasambaza badala ya kuyatoa. Somo: osha mafuta kwanza NDIPO upige msasa, halafu osha tena.

Dawa iliyofanya kazi ni magadi, haya haya ya kupikia maharage. Vijiko vikubwa viwili kwenye lita moja ya maji ya moto, vaa glavu maana yanachubua, sugua na sponji ngumu, acha dakika tano, futa. Maji yalitoka ya kahawia mpaka inasikitisha. Magadi yanageuza mafuta kuwa sabuni ndo maana yanayatoa. Shida yake ni kwamba yakibaki kwenye ubao yanaharibu rangi mpya, kwahiyo suuza kwa maji safi, halafu futa kwa maji yenye siki kidogo, halafu maji safi tena, na kausha vizuri. Kwa MDF usimwage maji, kitambaa kilichokamuliwa tu, la sivyo inavimba.

Baada ya hapo tukapaka tena mlango uleule, tukaacha siku kadhaa, halafu jaribio la wembe na selotepu: chora mistari midogo kwa wembe ya kukatana kama nyavu, bandika selotepu, ing'oe kwa haraka. Upande uliooshwa kwa magadi hakijatoka kitu. Upande tuliouacha bila magadi makusudi, umetoka vipande. Fundi ndo alibandika selotepu mwenyewe, na tangu hapo hajasema tena kwamba rangi ya maji haishiki.

Magadi 2,000, siki 2,000. Hii ndo hatua iliyokula pesa ndogo kuliko zote na ndo iliyobeba mradi.

7 Julai (Saba Saba) – mninga unatoa rangi yake

Praima nyeupe kwenye milango ya juu, asubuhi nzuri, mchana tunaona madoa ya njano na wekundu yanatokea sehemu zote ambazo msasa ulifika kwenye mbao, hasa kingo. Tukapaka mkono mwingine wa praima. Kesho yake madoa yamerudi palepale. Mninga una utomvu mwekundu, mti ukiukata unatoka kama damu, na yale maji ya kwenye rangi yanauyeyusha na kuupandisha juu. Ukipaka mikono kumi ya rangi ya maji utapandisha mara kumi. Kopo la praima likaisha hapo, nikanunua la pili 18,000.

Dukani waliniuzia wazo la praima ya mafuta ya kuziba madoa. Ingeziba, lakini ni thina ileile niliyoikimbia. Nikaenda kwa shelaki. Hii ni utomvu wa wadudu, mafundi samani wameitumia miaka na miaka, inayeyushwa kwa spiriti na siyo kwa maji kwahiyo rangi ya mninga haipandi. Robo kilo ya vipande kwa lita moja ya spiriti, kwenye chupa siyo kopo la chuma, acha ilale usiku. Asubuhi utaona imejigawa, chini kuna ukungu mzito, hiyo ni nta. Usiitikise. Mimina ile safi ya juu utumie hiyo tu, kwa sababu rangi ya maji haishiki vizuri juu ya nta.

Niseme wazi, spiriti nayo ni VOC na ile ya buluu imewekewa kemikali za sumu ili isinyweke, kwahiyo hapa sijapata sifuri. Ila ni mkono mmoja mwembamba, unakauka chini ya saa moja, umefanyika nje uani, na ukikauka imekwisha tofauti na rangi ya mafuta inayoendelea kutoa hewa yake ndani ya nyumba. MOTO: spiriti inawaka. Usifanye jikoni, usifanye karibu na jiko la mkaa la jirani, usivute sigara.

Shelaki hiyohiyo tukapitisha kwenye kingo za MDF. Kingo za MDF zinakunywa rangi ya maji na kuvimba nywele nywele, ukiziba kwanza halafu msasa 240 zinakuwa laini kabisa. Juu yake praima mkono mmoja, na mpaka leo jioni doa hakuna. Shelaki 15,000, spiriti 8,000.

13 Julai – rangi yenyewe

Hatua fupi. Rola ndogo ya sponji kwenye uso, brashi nzuri kwenye kona, mikono miwili, msasa 320 mwepesi katikati. Mambo mawili ya kuangalia. Fundi kwa mazoea alitaka kuongeza maji mengi rangi iende mbali, mlango wa kwanza ukaonyesha chini yake, tukarudi kwenye kipimo cha kopo ambacho ni asilimia 5 tu. Na mchana jua la Dar rangi inakauka kabla haijajisawazisha, inabaki na mistari ya brashi, kwahiyo tunapaka saa moja mpaka saa nne asubuhi kivulini halafu basi. Nashukuru tumefanya kipindi hiki cha baridi kikavu, kwenye masika unyevu ungetuchelewesha sana.

Harufu? Uani ukisogeza pua unaisikia. Jioni hakuna.

Maji ya kuoshea brashi hatumwagi kwenye mtaro. Ndoo inaachwa usiku, rangi inakaa chini, maji ya juu tunaoshea brashi inayofuata, tope la chini linachanganywa na mchanga likauke ndo liende na taka. Brashi na rola 20,000.

20 Julai – milango imerudi, milango imeganda

Tumefunga milango, mtoto na bibi wamerudi. Asubuhi ya pili milango miwili imegandana na fremu, kufungua ikasikika kama unabandua plasta na ikaacha alama. Rangi ya maji ikishikwa imekauka haimaanishi imekomaa. Maji yanatoka ndani ya saa, lakini kukaza kabisa ni wiki tatu mpaka nne. Kama nyumba ingeruhusu ningesubiri zaidi kabla ya kufunga. Tulichofanya: poda kidogo ya mtoto kwenye kingo zinazogusana, vidude vya mpira vya kubandika kwenye kona za milango (4,000 pakiti), usiku milango inaachwa wazi kidogo. Haijaganda tena. Alama zimeguswa kwa brashi ndogo.

Wiki hizi usifute kwa sabuni, kitambaa cha maji tu.

17 Agosti – mwezi baada ya kufunga

Jiko limepikwa kweli, chapati, samaki wa kukaanga, pilau ya wageni. Mlango wa juu ya gesi, ule wa majaribio, unafutika kwa kitambaa na matone ya sabuni bila kuacha mafuta wala kufifia. Selotepu tena kwenye milango mitatu, hakijatoka kitu. Mama mkwe hajatumia dawa yake ya kuvuta zaidi ya kawaida tangu arudi, na hilo ndilo nililokuwa nalisubiri kuliko hata muonekano.

Sehemu moja imefeli, ukingo wa chini wa droo iliyo pembeni ya sinki. Umevimba na rangi imepasuka kama urefu wa kidole. Shelaki haikupita pale, ule upande wa chini hauonekani mpaka uiname, na maji ya sinki yanatiririka mpaka huko. Tumeukausha siku kadhaa, msasa, shelaki mara mbili, praima, rangi. Ukifanya ya kwako pindua kila droo uangalie tumbo lake.

Hesabu nzima: rangi 84,000, praima mbili 36,000, shelaki na spiriti 23,000, msasa 12,000, magadi na siki 4,000, brashi na rola 20,000, barakoa, glavu na nailoni 21,000, vidude vya mpira 4,000, fundi 90,000. Jumla 294,000. Ni 114,000 zaidi ya bei ya rangi ya mafuta na sifichi hilo. Ukiwa na milango ya MDF mitupu bila mninga unaweza kupunguza praima moja na sehemu ya shelaki.

Imebaki karibu lita moja ya rangi, nimeihamishia kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka juu ili hewa isiikaushe, imeandikwa tarehe na mchanganyiko wa wino. Itatumika kwenye rafu za ndani ambazo bado zina ile krimu ya zamani. Nitaziosha kwa magadi na kuzipiga msasa wa maji Septemba mtoto akienda tena Kimara, nikimaliza naongeza hapa.